Mvua haingoje ordonansi



Munajua usiku ule ambapo telejurnali ya RTNC inakuwa ndefu. Msomaji anaacha habari, anashika karatasi nyingine, anaanza kusoma ordonansi za Rais: kampuni fulani, mkubwa wa baraza, fulani; mkurugenzi mkuu, fulani; msaidizi wake, fulani; wajumbe wa baraza, fulani na fulani. Nyumbani kwetu hata mama anaacha kugeuza bukari. Hakuna mtu anayesikiliza jina la kampuni. Tunasikiliza jina la mtu, ju jina njo linatuambia anatoka fasi gani, yuko wa nani, na nani atakula.

Kisha simu zinaanza kulia. "Mutoto yetu amepata!" Asubuhi kundi la WhatsApp la jimbo limejaa picha yake, koti na karavati, maua kandokando. Wiki ileile kuna misa ya shukrani, na kuna tangazo la kumshukuru Rais kwa "kukumbuka jamii yetu". Mimi mwenyewe niliandika pongezi moja ya namna hiyo, miaka mitatu iliyopita. Niliandika "heshima kwa jimbo letu", na watu wengi wakapenda. Juzi nimerudi kuisoma, nikapata haya. Hakukuwa hata neno moja juu ya kampuni yenyewe: inafanya kazi gani, iko na deni gani, wafanyakazi wake walilipwa lini mara ya mwisho. Ile pongezi njo sababu ya maandishi haya.

Nianze na kitu nilichoona kwa macho.

Mimi ni agronomo. Mwaka wa mwisho wa lisansi nilifanya staji katika shamba la kampuni moja ya serikali. Jina lake naliacha, kwa sababu wale niliofanya nao kazi wengine bado wako pale na wako na watoto wa kusomesha. Lilikuwa shamba la mahindi, hekta mia moja na kitu, lililowekwa ili kulisha wafanyakazi na kuuza unga kwa bei nafuu. Kulikuwa na trakta mbili. Moja ilikufa zamani, na vipande vyake vyote vilikuwa vimehamia ndani ya ile ya pili. Mwezi wa tisa ile ya pili ikaharibika pompi, ile inayosukuma mazutu kwenye injini.

Wale wanaoishi Haut-Katanga wanajua kalenda yetu. Mvua inaanza mwisho wa mwezi wa kumi ao mwezi wa kumi na moja. Mahindi yanapaswa kuingia udongoni mapema, mwezi wa kumi na moja mpaka mwanzo wa kumi na mbili. Ukichelewa mpaka mwisho wa mwezi wa kwanza, mmea unakosa maji wakati ule ule unapojaza punje, maana mvua inapungua kuanzia mwezi wa tatu na kukatika mwezi wa ine. Hayo si maoni yangu. Kila mama wa kijijini anayajua bila kuingia chuo.

Mkubwa wa shamba, mzee mmoja wa kazi kweli, aliandika barua kuomba pesa ya pompi. Jibu likaja: pesa hiyo inapita uwezo wa mkurugenzi, lazima baraza liamue. Baraza linakaa lini? Halikai. Mkubwa wa baraza alikuwa mtu wa chama, na mwaka ule ulikuwa wa kampeni. Alikuwa vijijini kwake akitafuta kura. Wajumbe wengine wawili waliwekwa na vyama vingine, na kila mmoja aliogopa kutia sahihi wakati mwenzake hayuko. Wa ine alikuwa anaishi Kinshasa. Hakuna mtu shambani aliyewahi kumuona uso.

Tukangoja. Mvua ikanyesha kama kawaida yake. Kila asubuhi tulikuwa tunakaa chini ya paa la bati tukiangalia majani yanaota fasi ya mahindi. Pompi ilifika mwezi wa kwanza, tarehe 20 na kitu. Tukapanda. Mimi kazi yangu ya kumaliza lisansi ilikuwa juu ya mbolea, nilikuwa na viwanja vyangu vidogo na vipimo vyangu vyote. Hakuna kipimo hata kimoja cha mbolea kilichoweza kurudisha zile wiki tulizopoteza. Wamama karibu arobaini, waliokuwa wakiitwa kila mwaka kuvuna kwa malipo ya siku, mwaka ule hawakuitwa. Siku ya kuagana mzee aliniambia: "Mutoto wangu, andika kila kitu ndani ya ripoti yako. Lakini usiandike kwamba ni mvua. Mvua ilikuja."

Yule mkubwa wa baraza alishindwa uchaguzi. Akarudi kwenye baraza. Esansi ya gari yake, tuliambiwa, haikukosa hata siku moja.

Sasa tutoke shambani, tuangalie namna mambo haya yamepangwa kwa karatasi. Wengi wetu tunapiga kelele bila kujua, na mtu asiyejua njia ya maji atatoboa bomba lisilo lenyewe.

Mtu anayetumwa na serikali kukaa kwa jina lake ndani ya kampuni tunamwita mandateri. Katiba ya 2006, kifungu cha 81, inampa Rais uwezo wa kuteua bamandateri wa serikali katika kampuni na mashirika ya umma, kwa pendekezo la serikali lililojadiliwa katika baraza la mawaziri, na Waziri Mkuu anatia sahihi pamoja naye. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba Rais akiteua amevunja sheria. Ugonjwa hauko hapo.

Tarehe 7 Julai 2008 zilitoka sheria za kurekebisha kampuni za serikali. Wazo lilikuwa zuri: Gécamines, SNEL, REGIDESO, SNCC na nyingine zisiwe tena kama ofisi za wizara. Ziwe kampuni za biashara, ambamo serikali ni mwenye hisa, kama vile mtu mwingine anavyokuwa na hisa zake. Mwaka 2012 nchi yetu ikaingia OHADA, na sheria ya OHADA juu ya kampuni inajulikana: wenye hisa wanakaa katika mkutano mkuu na kuchagua baraza, baraza linachagua mkurugenzi, linasoma hesabu zake, linamuuliza, na likiona hafai linamwondoa. Mnyororo uko wazi. Mkurugenzi anajibu mbele ya baraza, baraza linajibu mbele ya mwenye hisa, na mwenye hisa wa kampuni ya serikali, mwisho wa yote, ni mimi na wewe.

Kwetu mnyororo huo umekatwa. Mkubwa wa baraza, mkurugenzi na msaidizi wake wanatoka ndani ya karatasi moja, usiku mmoja, chini ya sahihi ileile. Sasa baraza litamwondoa namna gani mkurugenzi ambaye halikumweka? Na mkurugenzi amuogope mkubwa wa baraza kwa nini, kama yeye paraplui yake ni kubwa kuliko ya yule? Kila mmoja anaangalia juu, kule jina lake lilipotoka. Kando hakuna anayeangalia. Chini, kule trakta imelala, ndiyo kabisa.

Hapa njo neno langu lote liko. Ubaya mkubwa wa kuteua kwa siasa si kwamba unaleta watu wasiojua kazi. Wengine wanaijua. Ubaya ni kwamba kiti kilichowekwa kwa kuchunga mali kimegeuka malipo. Mtu alipigia chama kampeni, alileta kura za kwao, alihama kambi wakati mzuri, basi alipwe. Anapewa baraza. Na mtu aliyekwisha kupokea malipo yake, utamwambiaje kwamba sasa njo kazi inaanza?

Haikuanza jana. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza ile tunayoita zaïrianisation: maduka, kampuni za biashara na mashamba ya wageni vikapewa wananchi. Kwetu sisi watu wa kilimo tarehe hiyo ni kama tarehe ya msiba. Mashamba ya kahawa, ya michikichi, ya ng'ombe yaliingia mikononi mwa wakubwa wa MPR na jamaa zao. Wengi hawakuwahi kulima. Waliuza mashine, wakachinja mifugo, wakala hata mbegu. Mpaka leo wazee wakitamka neno "acquéreur" wanacheka kicheko kisicho na furaha. Shamba lilitolewa kama zawadi, na zawadi hailimwi, inaliwa.

Kisha ikaja Pretoria, tarehe 17 Desemba 2002. Wakubwa wa vita na wa siasa walipatana, tukapata ile serikali ya 1+4, Rais mmoja na makamu wane. Nia ilikuwa njema: bunduki zinyamaze. Lakini kila kitu kiligawanywa kwa mafungu, wizara, jeshi, balozi, na kampuni za serikali pia. Hapa mkubwa wa kambi hii na msaidizi wa kambi ile, kule kinyume chake. Mwaka 2004 kamati ya Bunge iliyoongozwa na Grégoire Bakandeja ilichunguza kampuni hizo, na baada ya ripoti yake mawaziri na wakurugenzi kadhaa walisimamishwa. Watu waliondoka, lakini mgawo ulibaki. Tangu wakati ule kampuni ya serikali inahesabiwa kama kipande cha nyama: nani amepata paja, nani amepata shingo.

Tulioanza chuo wakati wa FCC na CACH hatuna haja ya kusimuliwa. Serikali ya mwezi wa nane 2019 ilikuwa na viti 65: 42 kwa FCC, 23 kwa CACH. Kabla hata serikali hiyo haijatoka, mwezi wa sita, Rais Tshisekedi alikuwa ametia sahihi ordonansi za Gécamines na SNCC, na wabunge wa FCC wakapinga kwa nguvu. Kinshasa ikachemka. SNCC ilipewa kama mkubwa wa baraza mzee Gabriel Kyungu wa Kumwanza, Mungu amlaze, aliyewahi kuwa gavana na kuongoza bunge la jimbo la Katanga. Gécamines ilipewa kama mkurugenzi mkuu Sama Lukonde, aliyekuwa waziri wa michezo, na mwezi wa pili 2021 akawa Waziri Mkuu. Simhukumu mmoja wala mwingine. Nakumbuka tu vile mabishano yalikwenda: nani ana haki ya kuteua, nani alipaswa kuulizwa kwanza, kambi gani imenyanganywa kiti. Katika kelele ile yote sikusikia mtu akiuliza treni itatembea mara ngapi kwa mwezi kati ya Kamina na Kalemie. Mkulima mwenye magunia yake ya mahindi kando ya reli, anayengoja wagoni, hakuwa ndani ya mabishano. Hana kambi.

Sasa najua wengine wenu muko tayari na jibu, ju hata mimi nilikuwa nalo: "Basi waweke sisi wenye diploma." Pole pole, wandugu. Hilo jibu linatupendeza, lakini angalieni Gécamines.

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani karibu 476,000 za shaba. Kampuni ile ilikuwa na wainjinia wa kweli, hospitali zake, shule zake, hata unga wa wafanyakazi ulikuwa na mpango. Diploma hazikukosa. Kilichokosekana ni mtu ndani ya baraza mwenye uwezo wa kusema hapana wakati serikali ilipokuwa inachota pesa iliyopaswa kununua mashine. Mwezi wa tisa 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 utoaji ulikuwa umeanguka chini ya sehemu moja ya kumi ya ule wa 1986. Mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 waliondolewa katika mpango ulioitwa wa "kuondoka kwa kupenda", kwa msaada wa Banki ya Dunia. Ukitembea Likasi, Kolwezi ao Lubumbashi, uliza nyumba kwa nyumba kama kweli walipenda. Wengi humu ni watoto ao wajukuu wa wale 10,655. Munajua mulisoma namna gani, na mama aliuza nini ili mulipe minerval.

Kwa hiyo ukijaza baraza na madokta watupu, na kila dokta ana deni kwa mzee wa chama chake, utapata baraza lilelile, tofauti itakuwa ufaransa safi ndani ya maandishi. Diploma inamsaidia mtu kuona kosa. Haimpi nguvu ya kulisema mbele ya yule aliyemweka. Nguvu hiyo inatoka katika namna alivyoingia.

Na kuna pesa ya kweli pale. Leo Kongo ni ya pili duniani kwa kutoa shaba, nyuma ya Chile. Sehemu kubwa inatolewa na kampuni za wageni, na Gécamines inaishi zaidi kwa hisa zake ndani ya kampuni hizo. Kule Tenke Fungurume, kwa mfano, iko na 20 kwa mia. Mwaka 2023 ugomvi wake na Wachina wa CMOC juu ya Tenke uliisha kwa mapatano: CMOC ikubali kulipa dola milioni 800. Milioni 800! Kontra kama ile inasomwa ukurasa kwa ukurasa, na ndani yake neno moja linaweza kubeba bei ya hospitali kumi. Mtu aliyepewa kiti ili atulie asihame kambi, atafungua ukurasa wa pili?

Kuna wanaosema pia: "Hivyo njo siasa, kila nchi inafanya hivyo." Si kila nchi. Nchukue jirani yetu wa shaba, Chile. Kampuni yake ya serikali inaitwa Codelco, na inatoa zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Zamani mawaziri walikuwa wanakaa ndani ya baraza lake. Mwaka 2009 walibadilisha sheria. Sasa baraza lina watu 9. Rais wa nchi anachagua 3 anavyotaka. Wengine 4 anawachagua kutoka orodha inayotayarishwa na chombo cha kuchuja wakubwa wa kazi za umma. Wawili wa mwisho anawachagua kutoka majina yaliyopendekezwa na wafanyakazi wenyewe. Na baraza njo linachagua mkurugenzi. Angalieni vizuri: Rais hakunyanganywa kalamu. Sahihi ni yake bado. Ila amefungwa mkono kidogo, vya kutosha ili wale watu wajue kwamba hawakuingia kwa mlango mmoja. Codelco iko na shida zake nyingi, ina madeni, migodi yake imezeeka. Lakini huwezi kusema kwamba baraza lake ni bahasha ya shukrani.

Sisi tumetafuta dawa fasi nyingine. Kuanzia 2020, IGF ya Jules Alingete iliweka wakaguzi ndani ya kampuni nyingi za serikali kuangalia pesa kabla haijatoka, ile iliyoitwa patrouille financière. Watu walifurahi, hata mimi nilifurahi, na kuna wezi walioshikwa mkono mfukoni. Lakini tufikiri kidogo. Kama mkaguzi wa kutoka inje lazima akae pale kila siku ili pesa isiibiwe, baraza liko pale kwa kazi gani? Tunalipa mlinzi, kisha tunalipa mlinzi wa kumlinda mlinzi, na yule wa kwanza hatumwondoi, ju ni mutoto ya fulani.

Sasa nije kwetu sisi, maana kulaumu wakubwa ni kazi rahisi.

Mwaka jana rafiki mmoja wa chuo aliniita tunywe kitu. Siku hizi yuko katika ligi ya vijana ya chama kimoja, na simlaumu, ana mke na mtoto. Akaniambia: "Yaya, we uko na kichwa, lakini kichwa bila paraplui inanyeshewa. Jaza hii fomu. Mzee wetu yuko karibu kupata kampuni, atahitaji mshauri wa kilimo." Nikarudi nyumbani na fomu. Nina miaka 28. Nafundisha masaa machache kwa sekondari moja ambako mshahara unakuja ukitaka, na jioni nauza miche ya avoka na ya machungwa kando ya barabara. Mama hasemi kitu, lakini kila nikirudi anaangalia mikono yangu.

Ile fomu nilikaa nayo wiki mbili. Musinipe sifa: kuna usiku nilikuwa nimekwisha kuandika jina na tarehe ya kuzaliwa. Kilichonizuia si utakatifu. Nilijiona tu ndani ya ofisi yenye baridi, barua ya pompi iko mbele yangu juu ya meza, na mimi njo ninayepiga simu shambani: "Subiri kwanza, mzee yuko kampeni." Nilijiona ninasema maneno hayo kwa sauti ya upole. Na nilijua kwamba ningeyasema, ju nani angenilipa kama si yule mzee? Nikaikunja fomu. Iko bado ndani ya kitabu changu cha magonjwa ya mimea, fasi inayoifaa.

Siandiki hivi ili kila mtu akatae kama mimi. Njaa ni njaa, na kuingia chama si dhambi. Nchi inahitaji vyama. Lakini tujue bei ya kile tunachopokea. Kila mara tunapokubali kwamba kiti cha baraza ni zawadi, tunakubali pia kwamba mlango wetu sisi utakuwa uleule, na kwamba miaka mitano ya kusoma udongo ni kazi ya bure mbele ya kadi ya chama. Halafu tunalia kwamba diploma zetu hazina maana. Nani alizinyima maana? Kidogo ni sisi, asubuhi ile ya pongezi.

Kwa hiyo nina mambo machache ya kupendekeza kwa kundi letu. Tukiyaona ni mazuri, tuyabebe mpaka kwa wabunge wetu.

La kwanza, CV ya kila mandateri itangazwe siku ileile ya ordonansi, pamoja na sababu ya kumchagua. Kama sababu haiwezi kuandikwa, tumekwisha kuijua.

La pili, baraza lichaguliwe kwanza, kwa kuita watu wazi na kuchuja majina mbele ya macho ya watu, na wafanyakazi wapate kupendekeza jina lao. Kisha baraza lipendekeze mkurugenzi. Rais atatia sahihi, katiba inamtaka atie, lakini jina litakuwa limepita mlango mwingine.

La tatu, mtu akikaa kwenye baraza, aache kazi ya chama na asigombee kura. Anayetaka kura aache kiti, na asikikute akirudi.

La ine, kila mwaka kampuni itangaze hesabu zake, na mara ngapi baraza lilikaa, na nani alikuwepo, na kila mmoja alipokea nini. Shamba letu lingeokolewa na hilo moja tu.

La mwisho ni letu wenyewe, na halihitaji sheria. Tusiandike pongezi kabla ya kuuliza. Mutoto ya kwetu akiteuliwa, tumuulize mbele ya watu wote: kampuni yako imebaki na nini, utafanya nini mwaka wa kwanza, na utasema hapana kwa nani? Atakayejibu, tumshike mkono. Atakayekasirika, tumekwisha kumjua mapema.

Mzee wa shamba alistaafu. Nilikutana naye sokoni siku moja, akiuza mahindi mabichi ya kuchoma, yake mwenyewe, kutoka robo hekta nyuma ya nyumba. Mahindi mazuri, suke limejaa mpaka ncha. Nikamuuliza alipanda lini. Akacheka: "Mwezi wa kumi na moja. Hapa hakuna baraza."

Usiku wa ordonansi utarudi, labda wiki ijayo, labda mwaka ujao. Mama ataacha kugeuza bukari, na sisi sote tutanyamaza. Safari hii nitajaribu kusikiliza kwanza jina la kampuni.